Mtoto alitazama chini muda wote wa mahojiano: je, hiyo ni dalili kwamba anadanganya?

Swali kutoka kwa Afisa wa Wilaya

Habari zenu, wanajukwaa. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, nipo mwaka wa pili kazini, na mara kwa mara huitwa na Dawati la Jinsia na Watoto ili nikae na mtoto wakati askari anapochukua maelezo yake. Nimebadilisha baadhi ya mambo katika haya ninayoyaeleza ili mtoto na familia yake wasitambulike, lakini kiini cha swali langu kimebaki kama kilivyo.

Mtoto mwenyewe ni wa kike, ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Kabla hajafikishwa dawatini alikuwa ameshaeleza habari yake mara tatu: kwanza kwa mama yake, ambaye aliona kwamba mtoto analia kila anapoambiwa waende katika nyumba fulani, kisha kwa bibi yake, mbele ya shangazi wawili, kisha kwa mwalimu wa kike shuleni. Sisi tulikuwa wa nne. Mara zote hizo jambo kuu halikubadilika, yaani kwamba kuna mtu mzima aliyemfanyia "tabia mbaya", lakini mengine yalipishana. Kwa mama alisema ilikuwa jana. Kwetu alisema ilikuwa siku ya mvua kubwa, na mvua kubwa ya mwisho ilikuwa imenyesha wiki mbili nyuma. Kwa bibi alimtaja "baba". Kwa mwalimu alimtaja "baba mdogo". Askari alipomuuliza kwa mara ya pili kama ana hakika na anachokisema, alinyamaza kwa muda, kisha akasema hajui.

Tulipomaliza, mwenzangu mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi, ambaye ninamheshimu sana, alinivuta pembeni akaniambia: "Huyu kafundishwa. Hukuona anavyotazama chini na kusokota pindo la sketi? Mtoto mkweli anakutazama usoni." Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimekiona alichokiona yeye, na sikujua kina maana gani.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Je, ipo njia inayokubalika kitaalamu ya kumtambua mtoto anayedanganya? Je, kupishana kwa maelezo ni alama ya uongo? Na je, inafaa tumwite tena na kumhoji upya, ili tupate maelezo yaliyonyooka kabla jalada halijapelekwa kwa wakili wa Serikali?

Jibu la Mwalimu wa Saikolojia

Ndugu Afisa, nianze na macho, kwa sababu hilo ni rahisi kulimaliza. Imani ya mwenzako si yake peke yake. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti ambamo watu wa nchi 58 waliulizwa wanamtambuaje mwongo, na jibu lililotajwa kuliko yote, na karibu theluthi mbili ya waliojibu, ni kwamba mwongo hukwepa kutazamana na mtu. Dunia nzima inaamini hivyo, na dunia nzima imekosea, kwani vipimo vya maabara havionyeshi kwamba waongo hukwepa macho kwa kiwango kinachoweza kumsaidia mpelelezi. Mwaka huohuo Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya majaribio yaliyohusisha waamuzi zaidi ya 24,000 wakakuta kwamba mtu hupatia kutenganisha ukweli na uongo kwa asilimia 54 tu, ilhali kurusha sarafu kungempa 50. Wenye kazi ya kuwachunguza watu, askari wakiwamo, hawakuwazidi watu wa kawaida. Mwaka 2017 majaribio yaliyohusu uongo wa watoto nayo yalikusanywa kwa namna hiyo, na jawabu likawa asilimia 54 ileile. Uzoefu wa mwenzako ni wa kweli, ila katika jambo hili uzoefu humwongezea mtu kujiamini kuliko unavyomwongezea usahihi, kwa sababu ni nadra mno mpelelezi kuletewa habari baadaye kwamba alikosea.

Na kwetu sisi liko la ziada. Tunamlea mtoto tangu anapoanza kutembea asimkazie macho mkubwa anayemsemesha, tunamkaripia akifanya hivyo, kisha siku moja tunamketisha mbele ya watu wazima wawili asiowajua, mmoja akiwa na sare, tunamuuliza jambo la aibu kuliko yote aliyowahi kuulizwa, halafu tunamhesabia uongo kwa sababu ameonyesha adabu tuliyomfundisha wenyewe.

Sasa niliweke kando neno "uongo", kwa sababu nadhani ndilo linalokupoteza njia. Ukijiuliza tu kama mtoto ni mkweli au mwongo, umejiwekea milango miwili, na upo wa tatu ambao ndio hatari zaidi: mtoto anaweza kuamini kwa moyo wote jambo ambalo halikutokea, kwa sababu watu wazima walimuuliza kuhusu jambo hilo mara nyingi na kwa namna fulani. Mtoto wa aina hiyo hadanganyi, kwa hiyo usoni pake hapana uongo wa kuonekana, hata angekuwapo mtu mwenye jicho la kuuona.

Jaribio linaloonyesha hili vizuri lilifanywa Marekani na Michelle Leichtman na Stephen Ceci, likachapishwa mwaka 1995. Mwanamume waliyemwita Sam Stone aliingia katika darasa la watoto wa miaka mitatu hadi sita, akazungukazunguka kwa dakika mbili hivi, akaaga, akaondoka. Hakugusa kitu. Kundi moja la watoto lilikuwa limesimuliwa kabla ya hapo, wiki baada ya wiki, kwamba Sam Stone ni mtu wa kuvunjavunja vitu, na baada ya ziara yake watoto hao walihojiwa mara nne ndani ya wiki kumi kwa maswali yaliyodokeza kwamba alichana kitabu na kuchafua mwanasesere. Hatimaye alikuja mhojaji mpya, akawaomba tu waeleze kilichotokea siku ile. Kati ya wale wa miaka mitatu na minne katika kundi hilo, asilimia 46 walisema wenyewe kwamba Sam alifanya moja ya mambo hayo au yote mawili, na asilimia 21 walishikilia hivyo hata mhojaji alipowapinga kwa upole. Wengine walipamba: alikwenda dukani, alikuja na rangi. Kundi ambalo halikusimuliwa lolote wala kuhojiwa kwa kudokezwa halikutoa simulizi hizo. Kanda za video za watoto hao zilipoonyeshwa kwa wataalamu wa fani yetu, hawakuweza kutambua nani anasema kilichotokea na nani anasema kilichopandikizwa.

Funzo ninalolichukua hapo linakuhusu wewe zaidi ya mtoto. Usihangaike kuupima uso wake. Pima maswali aliyoulizwa. Kwa kila jambo zito lililo katika maelezo yake, jiulize nani alilitamka kwanza. Kama ni yeye, kwa kuulizwa swali lisilo na kitu ndani yake, jambo hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu mtoto wa miaka sita anayeachwa aseme kwa maneno yake husema machache, lakini mengi ya hayo machache huwa sahihi. Kama ni mama, bibi au askari aliyelitamka na mtoto akaitikia "eeh", huwezi kujua limetoka wapi.

Mwongozo wa mahojiano uliofanyiwa utafiti mwingi kuliko yote ulitungwa na Michael Lamb na wenzake, katika taasisi ya utafiti wa afya ya mtoto ya Marekani, katika miaka ya 1990, na Israeli ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia kazini. Mtoto huambiwa kwanza kanuni: aseme "sijui" asipojua, na amsahihishe mhojaji anapokosea. Kanuni hizo hufanyiwa mazoezi; unamuuliza, kwa mfano, "Paka wangu anaitwaje?" na anaposema hajui unamsifu kwa kusema hajui. Kisha anazoezwa kusimulia jambo lisilo na uzito, kama sikukuu iliyopita au siku ya kwanza shuleni, ili ajifunze kwamba huyu mkubwa anataka habari ndefu, tofauti na wakubwa wengine. Hapo ndipo anapoulizwa, "Nieleze umekuja hapa leo kwa ajili ya nini," na baadaye, "Nieleze kila kitu, tangu mwanzo mpaka mwisho." Akitaja kitu, unakishika hichohicho: "Umesema mlikuwa nje, nieleze zaidi hapo." Maswali ya ndiyo au hapana huachwa mwisho kabisa, na kila moja linalojibiwa hufuatwa na "Nieleze hilo." Sasa linganisha na yale ninayoyakuta katika majalada ninayoombwa kuyasoma: "Alikupeleka chumbani, siyo?" "Akakwambia usimwambie mama, si ndiyo?" Viitikio hivyo viwili vidogo vinaweza kuharibu ushahidi wa mtoto aliyesema kweli tupu.

Uliuliza kuhusu kupishana. "Jana" ya mtoto wa miaka sita si jana yako; ni siku yoyote iliyopita, na "kesho" yake mara nyingi ni siku yoyote ijayo. Muulize ilikuwa siku ya shule au siku ya kukaa nyumbani, usimuulize tarehe. Alivyosema hajui baada ya kuulizwa mara ya pili, nakulaumuni ninyi: mtoto akiulizwa swali lilelile tena na mkubwa, huona kwamba jibu la kwanza halikutakiwa. Hufanya hivyo darasani kila siku, mwalimu anaposema "Hebu fikiri tena."

Kuhusu njia ya kitaalamu, Ujerumani imekuwa nayo kwa muda mrefu. Mwaka 1954 mahakama yao ya juu, baada ya kumsikiliza mwanasaikolojia Udo Undeutsch, ilikubali umuhimu wa wataalamu katika kupima maelezo ya watoto, na hoja yake ilikuwa kwamba habari ya jambo lililompata mtu hutofautiana kwa maudhui na habari iliyobuniwa. Baadaye ilijengwa orodha ya vigezo 19, kwa mfano undani usiotarajiwa, au maneno ya watu yaliyonukuliwa kama yalivyosemwa. Mtafiti Aldert Vrij alipozipitia tafiti kuhusu orodha hiyo mwaka 2005 alikuta makosa ya karibu asilimia 30. Ni bora kuliko kutazama macho, lakini si kipimo ninachoweza kumfungia mtu kwacho, na hakina maana yoyote ikiwa mahojiano yenyewe yalikuwa ya kumlisha mtoto maneno.

Jibu la Wakili wa Pwani

Nimesoma kwa makini aliyoandika Mwalimu na ninakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ila naomba mtu mmoja akumbukwe, kwa sababu mpaka sasa hajatajwa hata mara moja, naye ni mshtakiwa. Mimi hutetea watu wa aina hiyo, na adhabu inayowakabili hufikia kifungo cha maisha.

Wenye mashaka kwamba jambo hili hutokea nje ya maabara waangalie yaliyotokea katika shule ya awali ya McMartin, huko Manhattan Beach, California. Mwaka 1983, baada ya malalamiko ya mzazi mmoja, polisi waliwaandikia wazazi wapatao 200 barua iliyomtaja mtuhumiwa kwa jina na kueleza matendo anayotuhumiwa, ikiwaomba wawaulize watoto wao kama yaliwatokea. Tafakarini hilo: maswali ya kuongoza yalitumwa kwa posta, nyumba kwa nyumba, kabla mhojaji yeyote hajafungua mdomo. Mamia ya watoto walihojiwa baadaye kwa vikaragosi na kwa kuambiwa kwamba wenzao wameshasema. Kesi iliendelea mpaka mwaka 1990, ikawa ndefu na ya gharama kubwa kuliko kesi zote za jinai za nchi ile kwa wakati huo, na hakuna aliyetiwa hatiani. Katika jimbo la New Jersey, mwalimu kijana wa shule ya watoto alihukumiwa mwaka 1988 kifungo cha miaka 47, akatumikia mitano, na mwaka 1994 mahakama ya juu ya jimbo ilikubali kwamba mahojiano ya watoto yalikuwa ya kushurutisha kiasi cha kuhitaji kuchunguzwa yenyewe kabla ya ushahidi wao kupokelewa.

Kwetu tatizo langu la kwanza ni karatasi. Nikipewa nakala ya maelezo ya mtoto wa miaka sita, ninasoma: "Mtuhumiwa aliniingilia kimwili bila ridhaa yangu na kunisababishia maumivu makali." Hakuna mtoto wa miaka sita aliyewahi kuitamka sentensi hiyo. Ni Kiswahili cha askari, kimeandikwa kwa nafsi ya kwanza ya mtoto, na maswali yaliyozaa majibu hayo hayamo kabisa. Mtoto akija mahakamani akasema kwa lugha yake kwamba "alinifanyia tabia mbaya", mimi kama mtetezi nitayaweka maelezo yale mbele yake na kumuuliza kwa nini leo anasema tofauti. Nitafanya hivyo kwa sababu ndiyo kazi yangu, na huenda nikashinda dhidi ya mtoto aliyesema kweli, kwa kosa la mwandishi.

La pili ni "baba" na "baba mdogo". Mwalimu amelipita haraka. Kwa mtoto wetu, ndugu wa kiume wa baba ni baba, mume wa mama mdogo ni baba, na mwenye nyumba anaweza kuwa baba pia. Hapo penye neno moja panaweza kusimama wanaume wanne. Mahakama zetu zinaupa uzito mkubwa uwezo wa shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo, kwa hiyo neno la kwanza kabisa la mtoto litang'ang'aniwa na pande zote mbili. Je, kuna yeyote aliyemuuliza, "Baba yupi? Anakaa wapi? Wewe unamwitaje mkiwa nyumbani?" Au kila mmoja alimwelewa kwa kadiri ya mtu aliyekuwa akimshuku tayari?

Jibu la Mwalimu wa Saikolojia

Wakili, hoja ya "baba" umenizidi, nilipaswa kuisimamia. Naongeza moja tu, kwa sababu najua itafuata katika jalada hili: mtoto huenda akageuka na kusema hakuna kilichotokea. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliopitia majalada 257 ya watoto waliodhulumiwa, takriban asilimia 23 waliyakana maneno yao wakati fulani, na waliokana zaidi walikuwa wadogo, wenye kutuhumu mtu aliye mahali pa mzazi, na ambao mlezi wao aliyebaki hakuwaunga mkono. Kwetu jambo hilo tunalijua kwa jina jingine, la "kulimaliza kifamilia". Kwa hiyo kugeuka nako kusipimwe kwa uso. Mwulize mtoto alilala kwa nani wiki hiyo.

Jibu la Mkalimani Ughaibuni

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wataalamu. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hapa Marekani, na wengi ninaowatafsiria ni familia zilizotoka Kongo. Naomba kuleta jambo moja la lugha ambalo nimeona likipotosha mahojiano zaidi ya mara moja.

Mtoto anaposema "alinishika", Kiswahili hakijasema kama aliyeshika ni mwanamume au mwanamke. Kiambishi kile "a-" kinambeba mtu yeyote. Kiingereza hakiniruhusu kuliacha hilo wazi kwa urahisi. Kinanidai nichague, na nikichagua "mwanamume" kwa mazoea, nimetoa ushahidi ambao mtoto hakuutoa. Mhojaji naye hulichukua neno langu na kumrudishia mtoto swali linalomtaja mwanamume, mtoto anaitikia, na kuanzia hapo jambo limekuwa la mtoto. Siku hizi ninamwambia mhojaji waziwazi kwamba neno la mtoto halina jinsia, na ninamwomba aulize "Ni nani?"

Ninadhani hata nyumbani, ambako hakuna mkalimani, hatari hiyo ipo ndani ya kichwa cha anayeandika. Mtoto amesema "alikuja, akanivuta". Mwandishi ameandika "mtuhumiwa alikuja". Kati ya "a-" na "mtuhumiwa" upelelezi mzima umeshafanyika bila mtu kuuona. Na kwa watoto wa Kongo ninajifunza pia kutodhani kwamba maneno yao ni yaleyale ya Kiswahili cha Tanzania; nikisikia neno ninalolijua, bado ninamwomba mtoto anieleze analitumiaje.

Afisa wa Wilaya

Ninawashukuru nyote. Nilikuwa na daftari langu la siku ile, kwa sababu huwa naandika wakati askari anaandika, na bahati nzuri huandika maswali pia, si kwa utaalamu wowote bali kwa kuwa mkono wangu ni mwepesi na sipendi kukaa bure. Jana usiku nilifanya kama Mwalimu alivyoshauri: nilichora mstari katikati ya ukurasa, kushoto nikaweka kila jambo zito lililomo katika maelezo, kulia nikaweka jina la aliyelitamka kwanza.

Mambo yalikuwa saba. Matatu hayakutamkwa kwanza na mtoto. "Chumbani" lilitoka kwa askari. "Alikutisha" lilitoka kwa askari pia. La tatu, naliandika kwa aibu, lilitoka kwangu: mimi ndiye niliyesema "Pole, ilikuuma sana, eeh?" nikidhani ninamfariji, na katika maelezo yaliyosainiwa pamoja na dole gumba la mama kuna sentensi kwamba alisikia maumivu makali. Manne yalikuwa ya mtoto mwenyewe. Moja kati ya hayo sikulipa uzito siku ile: alisema, bila kuulizwa na mtu, kwamba "alizima redio kwanza, mpira ukawa hausikiki." Askari hakuliandika. Mimi nililiandika pembeni kwa herufi ndogo, kama kitu kisichohusika.

Kuhusu "baba", hakuna aliyemuuliza yupi. Nimeangalia mara mbili. Swali langu linabaki lile la tatu: nimwite tena?

Jibu la Hakimu Mstaafu

Mwanangu Afisa, nimewasoma nyote kimya kimya. Nitalijibu hilo la tatu, na kidogo la sheria.

Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya mwaka 2016 hakimu wa Tanzania alilazimika kumpima mtoto wa miaka isiyozidi kumi na minne kabla ya kumsikiliza, aone kama ana akili ya kutosha na kama anaujua wajibu wa kusema kweli. Nimeketi na watoto wadogo nikiwauliza "kiapo ni nini", na nimeona rufaa nyingi zikianguka, na watu waliotiwa hatiani wakitoka, kwa sababu hakimu wa chini hakuyaandika majibu ya mtoto ipasavyo. Marekebisho ya mwaka 2016 katika kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, kwa namba tulizozizoea, yaliliondoa jaribio hilo; sasa mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima aahidi kwanza kusema kweli na kutosema uongo. Kanada walifika karibu hapohapo mwaka 2005, kwa watoto walio chini ya umri uleule wa miaka kumi na minne, baada ya watafiti wao kuonyesha kwamba mtoto kuweza kueleza maana ya uongo hakutabiri kama atasema uongo, lakini kuahidi kulipunguza uongo. Hilo nililishangaa, maana kwa miaka mingi nilikuwa nikiwauliza watoto swali lisilo na kazi.

Watu wengine wamelichukulia badiliko hilo, pamoja na ule uamuzi wa mwaka 2006 wa Mahakama ya Rufani kwamba ushahidi bora katika makosa haya ni wa mwathirika mwenyewe, kana kwamba neno la mtoto sasa halipimwi. Mahakama hiyohiyo imeshafafanua baadaye kwamba neno la mwathirika nalo ni lazima lipite kipimo cha ukweli. Kuhusu lugha, usiogope "tabia mbaya". Majaji wanajua watoto wetu wanavyosema, na wamekubali mara nyingi kwamba mtoto hawezi kutarajiwa kutaja viungo kwa majina yake.

Sasa, usimwite tena ili kunyoosha maelezo. Maelezo yaliyonyooshwa ndiyo Wakili wa Pwani anayoyasubiri. Likiwa lipo jambo moja ambalo halijulikani kabisa, nalo ni "baba yupi", mpelelezi anaweza kumuuliza mtoto hilo peke yake, mara moja, kwa swali lisilotaja jina la mtu, akiwa ameketi na mtu mtoto anayemwamini ambaye si wa upande wa yeyote katika familia, na swali na jibu viandikwe neno kwa neno. Usiwe wewe, wewe umeshakuwa shahidi.

Kwa sababu una daftari. Andika maelezo yako mwenyewe leo, kabla hujasahau, ueleze ulichokisikia na nani alikisema kwanza, pamoja na ile "ilikuuma sana, eeh?" yako. Usiifiche, maana ukiificha na ikatoka wakati wa kuhojiwa kizimbani, yale manne yaliyo ya mtoto yatakwenda nayo. Ambatanisha nakala ya ukurasa ule kama ulivyo, na herufi zake ndogo za pembeni, umkabidhi mpelelezi kwa saini. Kisha umwombe aende katika nyumba ile akaangalie kama kuna redio, na aulize majirani ni siku gani mvua ilinyesha huku kukiwa na mpira redioni.